Dani Rispa Halii

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Edith alikoroga uji mwepesi na kumnywesha nyanya yake, Dani Rispa. Alipitisha kijiko kwenye pengo la mbele. Mwaka huo wa 1996 Dani hakuweza tena kufungua mdomo vizuri, lakini meno yake sita ya chini yaling'olewa zamani alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Waluo. Watu wa kwao Rodi Kopany walisema siku ya kung'olewa hakutoa hata sauti.

Tangu ujana wake Dani alivuta sigara ncha yenye moto ikiwa ndani ya mdomo, kama wanawake wengi wa rika lake. Hivyo upepo wa shambani haukuizima. Kidonda kilipotokea kwenye kaakaa, alikificha. Alipofikishwa hospitalini Homa Bay, saratani ilikuwa imeenea hadi shingoni. Daktari alisema upasuaji hautamfaa, na safari ya Nairobi kupigwa miale ingemchosha bure. Akampa dawa ya maji ya kutuliza maumivu.

Roselyn, mama yake Edith, aliifungia chupa kabatini.

"Hiyo ni dawa kali. Tutampa akilia."

Lakini Dani hakulia. Wanawake wa kanisa walikuja kumwombea, wakasimama mlangoni na leso puani kwa sababu ya harufu. "Mungu amempa amani," walisema, wakaenda.

Edith aliona mengine. Dani alipomeza uji, vidole vyake viling'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Mama, Dani anaumia."

"Amekuambia?"

"Hapana."

"Basi wewe ndiye daktari siku hizi? Hebu nenda shule!"

Jumamosi alikuja muuguzi, Sista Kerosi. Aliomba kuiona chupa. Ilikuwa imejaa.

"Hana shida, Sista," Roselyn alisema haraka. "Hajalia hata mara moja."

Edith alisimama pale na bakuli la uji. Mama yake alimkazia macho. Hata hivyo akasema, "Usiku halali, Sista. Na akimeza anashika kitanda hivi." Akaonyesha.

Sista aliinama. "Mama, unaumia?"

Dani aliwatazama wote. "Tangu mavuno," alisema kwa shida. "Mlikuwa mnangoja nilie?"

Roselyn aliketi chini. "Si wewe uliyenikataza kulia, Mama? Nilipomzaa huyu Edith, uliniziba mdomo kwa mkono wako."

"Nilikufundisha kunyamaza. Sikukufundisha kutoniuliza."

Sista alimsafisha Dani kinywa kwa maji ya chumvi, kisha akamdondoshea dawa polepole kupitia lile pengo.

"Ugonjwa huu hatuwezi kuuondoa," alisema. "Maumivu tunayaweza. Dawa hii hufuata saa, Mama Edith, haifuati kilio. Mgonjwa asiyepona bado ni mtu wa kuulizwa. Na mtoto akisema alichokiona, msimfukuze."

Mchana huo Dani alilala, vidole vyake vimelegea juu ya blanketi.

Alikufa kabla shule hazijafungwa. Mpaka siku hiyo Roselyn alimpa dawa kwa saa zake, na kila mara alimuuliza kwanza kama anaumia, hata Dani alipokuwa hawezi tena kumjibu.