Jiwe la Kipchirchir

Lori la majani chai lilianza kugonga siku ya Jumanne, kong, kong, likiteremka tu. Likipanda, kimya. Dereva Gibson alisema ni difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Fundi Ouko akaifungua difu, akaikuta safi. Akabadilisha kiungo cha chini, yunivasal joint, lori likazidi kugonga. Jambo hilo lilimuudhi. Lori la mwaka wa sabini na mbili lina haki ya kulia, lakini si kumdanganya fundi.

Alhamisi saa tisa, mvua ikiwa imepita na ukungu umefunika michai, walilisimamisha kwenye mteremko ule ule linapogongea zaidi. Chini kabisa, kwenye banda la kununulia majani, akina mama walikuwa wakingoja na vikapu. Ouko aliweka jiwe mbele ya gurudumu la nyuma, akafungua propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu, akaulaza nyasini. Kwa lori hilo, propela ikitoka, hendibreki nayo haipo.

"Dere, washa injini. Usitoe mguu kwa breki. Ukitoa, mimi nimeisha."

"Sawa, fundi."

Aliingia chini ya lori, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye giaboksi na mpini sikioni. Giaboksi ilivuma vizuri tu.

Kong.

Sauti ilitoka nyuma, barabarani, kong, kong, mitungi mitupu ya maziwa ikigongana kwenye baiskeli, na pamoja nayo ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha, ikisogea polepole hadi gurudumu lililopinda likasimama karibu na uso wake, na kando yake gambuti mbili, moja ikitazama nyuma.

"Dere," alinong'ona, "nani amekuja?"

"Namuona kwa kioo. Ni Kipchirchir wa maziwa."

"Si alikufa?"

"Alikufa hapa. Lori ilikwama, nikaweka jiwe kwa tairi. Nikienda nikaiacha hiyo jiwe barabarani. Asubuhi akaigonga na hii ukungu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilibeba jeneza, fundi."

Ouko alitafuta pa kutokea. Upande mmoja ulikuwa ukingo wa udongo, upande wa pili gambuti. Mkono wenye matope ukashuka, ukalishika jiwe.

"Toeni jiwe," sauti ilisema kwa upole, ya mtu anayeomba njia.

Jiwe likaondoka. Lori likatikisika, likashikiliwa na mguu wa Gibson peke yake. Gambuti zikaelekea mlangoni kwa dereva, na Ouko akatambaa nje akilia.

Gibson alikuwa amekaa wima, jiwe mapajani.

"Niwekee ingine nishuke," alisema.

Ouko aliweka lingine. Alipoinua macho, lilikuwa mapajani mwa Gibson juu ya lile la kwanza. Akaweka la tatu, nalo likapanda.

"Ruka, dere."

"Na hao mama?"

Ouko akakimbia kuteremka, akiwafukuza kwa mikono, mpaka banda likabaki na vikapu tu. Kisha akapanda tena, akimwita Gibson kwamba sasa anaweza kuruka.

Injini ilikuwa imezimika. Mawe yalimfikia Gibson kidevuni, na macho yake yalikuwa wazi, hayaoni. Lori halikuwa limesogea hata shubiri moja. Mguu wake ulikuwa bado kwenye breki, na watu walipofika, hakuna aliyethubutu kuutoa.