Wasia Kabla ya Posa

Foleni ya duka la simu karibu na soko la Ngamiani ilikuwa imefika mlangoni siku Samiha alipogombana na fundi. Alivaa buibui jeusi lenye zari mikononi na mtandio wa zambarau, naye ameishika simu ya marehemu baba yake kama mtu aliyeshika yai.

"Dada, kufungua naweza," alisema fundi. "Ila kila kilichomo kitafutika."

"Sasa hapo utakuwa umefungua nini?"

Nyuma yake mtu akacheka. Samiha akageuka, uso kaukunja. Alimwona kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, kamera inaning'inia shingoni.

"Samahani, sikukucheka wewe. Nimelicheka jibu, maana ni la kweli."

"Kweli isiyonifaa!" alisema Samiha, na hapo hapo machozi yakamtoka mbele za watu. Baba yake, Mzee Idarusi, alikuwa msomaji wa maulidi, na sauti yake yote imo ndani ya simu hiyo. Namba ya siri alikwenda nayo kaburini. Mkewe, Bi Mwanamkasi, bado aliichaji kila siku.

Kijana akaiacha foleni, akamnunulia dafu. Aliitwa Badru, mzaliwa wa Pangani, mpiga picha za harusi. Dafu halijaisha, Samiha kashampa namba yake, na mwenyewe hakujua imekuwaje.

Mapenzi hayakuchelewa kuota. Samiha alioka keki nyumbani kwao Usagara, Badru alipiga picha kwenye harusi hizo hizo zilikokatwa keki zake, basi kukutana hakukutaka kisingizio. Wakiachana, simu ilishika zamu.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Picha za watu umezihifadhi wapi?"

"Lo! Mapenzi gani haya ya ukaguzi?"

"Nauliza tu. Ukidondoka leo, nani atazifungua?"

"Zipo tu, mpenzi. Nyingine kwenye simu, nyingine kwenye akaunti ambayo hata mimi nimeisahau."

"Basi wewe na marehemu baba ni pacha."

Badru alicheka sana. Samiha hakucheka. Kilichomtisha ni kimoja tu: kumpenda mtu kwa moyo wote, kisha abaki na kioo cheusi kisichomjibu.

Siku moja Badru alikwenda Pangani, akasema ana jambo la kifamilia. Samiha alikuwa akipamba keki, vidole vimejaa krimu, ujumbe ukaingia. *Badru Rama amekuchagua uwe msimamizi wa akaunti yake iwapo atafariki dunia.*

Mfuko wa krimu ukamponyoka. Juzi tu Badru alimwambia yuko hospitali, na alipomuuliza kulikoni akajibu ni mambo madogo. Samiha akajumlisha moja na moja, akapiga simu.

"Badru, huu ujumbe wa nini?"

"Ah, umeshafika? Nilitaka nikwambie ana kwa ana, nyonda. Si jambo la kusema kwenye simu."

"Basi usiniambie kabisa! Nimeshazika mmoja, Badru. Wa pili sitaki."

Akakata, akamfungia namba. Keki ya watu ilipambwa kwa kilio, na maua yake yote yakaenda upande.

Jumapili asubuhi hodi ikabishwa. Samiha akachungulia nyuma ya pazia, akitarajia kumwona mgonjwa. Badru alisimama mlangoni kwa kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono, mashavu tele, ila macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Mbele yake alikuwa shangazi yake, Bi Hafsa, kabeba sinia la halua.

"Shikamoo, mama," alisema Badru kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Karibuni ndani," alijibu Bi Mwanamkasi.

Bi Hafsa hakungoja kahawa. "Dada yangu, nimekuja kuposa, na nimekuja kuomba radhi. Kwetu mwanamume hatumi mshenga mpaka ameandika wasia wake. Babu yake kafanya hivyo, baba yake hivyo hivyo. Huyu kaandika minazi yake, kaandika na kamera, kisha akasema hata picha na akaunti ni mali, nazo zitaka mtu wa kuzishika. Akamwandika binti yako. Nami mshenga hata buibui sijavaa, simu ishanitangulia!"

Bi Mwanamkasi aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Yallah! Kwetu sisi mtu huposwa kwanza!"

Samiha akatoka nyuma ya pazia, adabu kaiacha huko huko. "Na hospitali je?"

"Nilimpeleka mama kupimwa macho."

"Mbona hukusema kwenye simu?"

"Posa husemwa kwenye simu, Samiha? Na nilipotaka kukueleza, umeshanifungia."

"Nimekulilia ungali mzima, wewe!" Alitaka kumkumbatia na kumtia kofi kwa mpigo mmoja.

"Haya, mwanangu," alisema mama yake, akifuta macho. "Mahari huitaja mwenyewe bibi harusi. Wataka nini?"

"Mahari tutaipanga. Kabla yake nataka mlango wa simu yake. Sasa hivi, mbele yenu, angali hai."

Bi Hafsa akaziba mdomo; ndoa yake yote, simu ya mumewe aliijua mgongo tu. Badru alipangusa jasho, akabonyeza hapa na pale, kisha akaiweka simu juu ya sinia, kando ya halua.

"Weka kidole chako," alisema. "Kuanzia leo ikujue."

Samiha akakipangusa kidole kwenye kanga, akakibonyeza, akakiinua, akakibonyeza tena kama simu ilivyotaka. Akaizima. Akakiweka kidole mara nyingine, na kioo kikawaka. Hakusoma ujumbe hata mmoja.

"Mama," alisema, machozi yakimtiririka naye akicheka, "nimekubali."