Uhuru ama Jamhuri? Siku ya Chelangat

Umande ulikuwa bado haujakauka pale Kimulot, na Chepkemboi alikuwa ameshaingia kwenye chai. Alichuna majani mawili na kichipukizi, akatupa kikapuni mgongoni. Mkono ulikwenda wenyewe. Ng'ombe alikuwa amekamwa. Uji ulikuwa umenywewa. Mume wake, Johana, alikuwa mlangoni akinoa panga.

Lakini siku hiyo hakumaliza mstari. Ilikuwa siku ya kuandikisha watoto shuleni. Binti yake wa kwanza, Chelangat, alikuwa ameoga mara mbili bila kuambiwa.

"Mama, twende! Wengine wameshapita."

"Wamepita, lakini shule haitahama. Ngoja nifunge kitambaa."

Ilikuwa Januari, mwaka wa 1971. Baba, mama na mtoto wakateremka pamoja mpaka shuleni.

Mwalimu mkuu aliitwa Kipsang. Aliketi kwenye meza barazani, na wazazi wakasimama kwa foleni mpaka nje ya ua. Zamu ya Chelangat ikafika.

"Pitisha mkono juu ya kichwa," mwalimu akasema. "Shika sikio la upande wa pili."

Chelangat akapitisha mkono. Akanyoosha vidole. Akainamisha kichwa kidogo kwa ujanja, lakini sikio lilibaki mbali.

"Mkono haujafika," akasema Mwalimu Kipsang.

"Mkono haujafika, lakini miaka imefika," Johana akajibu. "Kwetu sisi ni wafupi, Mwalimu. Niangalie mimi."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu.

"Haya. Alizaliwa lini?"

"Siku ya Uhuru," akasema Johana.

"Siku ya Jamhuri," akasema Chepkemboi.

Walisema kwa pamoja. Mwalimu akaweka kalamu chini. Akamtazama baba, kisha mama.

"Mlizaa mtoto mmoja ama wawili?"

Foleni yote ikaangua kicheko. Chepkemboi akaona uso wake unapata moto.

"Ni siku moja tu, Mwalimu," akasema. "Tarehe kumi na mbili Desemba."

"Tarehe ni moja, mama. Miaka ni miwili. Uhuru tulipata 1963. Huyo ametimiza miaka saba, anaingia darasa la kwanza. Jamhuri ilikuwa 1964. Huyo ana sita tu, atangoja mwaka ujao. Unaona madawati yangu ni machache. Ninachukua waliotimiza saba." Akasogeza kiti. "Rudini Ijumaa. Mje na mtu aliyekuwako mtoto huyu akizaliwa. Na mje na neno moja, si mawili."

Njiani Johana alikuwa na hasira.

"Si ungenyamaza tu? Ungeniacha niseme Uhuru, basi."

"Kwani tunaenda kuandikisha uongo? Kila mwaka siku hiyo redio inasema ni sikukuu ya Jamhuri. Mimi najua mtoto wangu alikuja na sikukuu."

"Na mimi najua siku niliyopata mtoto!"

"Ulimpata wewe? Uchungu ulikuwa wako?"

Johana akaongeza mwendo. Nyuma yao Chelangat alikuwa akitembea mkono ukiwa juu ya kichwa. Alivuta vidole, akapumzika, akavuta tena.

Chepkemboi alimtazama, moyo ukamwuma. Alijua vizuri mwaka mmoja wa kungoja unavyokuwa. Alipokuwa mdogo kule Merigi, yeye pia aliambiwa angoje mwaka mmoja. Akapewa mtoto wa shangazi ambebe mgongoni. Mwaka huo haukuisha mpaka akaolewa. Na sasa nyumbani kulikuwa na Kipkoech mdogo wa kubebwa, na tumboni kulikuwa na mwingine anakuja.

Alasiri akaenda kisomo cha ngumbaru kanisani. Hapo watu wazima walijifunza kusoma na kuandika. Mwalimu wao alikuwa Bilhah, mke wa Ombati, yule mwenye duka la vitambaa aliyehamia Kimulot kutoka Kisii. Bilhah alipenda tarehe kama watu wengine wanavyopenda nyimbo. Ukimwambia tarehe, macho yanawaka.

"Mama Chelangat, leo umeandika 'ng'ombe' kama mtu anayepigana naye," Bilhah akasema. "Kuna nini?"

Chepkemboi akamweleza yote. Wanawake wengine wakaacha kuandika wakasikiliza.

"Kumbe ni tarehe kumi na mbili Desemba!" Bilhah akapiga makofi. "Hiyo si siku ya mchezo. Ngojeni niwaambie."

Akachora mstari mrefu ubaoni.

"Tarehe ni kama njia ya kwenda mtoni. Njia ni ile ile, lakini kila mwaka anapita mtu mwingine. Mwaka wa 1901, tarehe kumi na mbili Desemba, Mwitaliano mmoja jina lake Marconi alikuwa ng'ambo ya bahari kubwa, upande wa Amerika. Alirusha tiara juu, na kwenye tiara alikuwa amefunga waya. Akaweka chombo sikioni. Wenzake walikuwa Uingereza, mbali kabisa, maji matupu katikati. Wakapiga ishara. Naye akasikia: tik, tik, tik."

"Bila waya wa kuunganisha?" akauliza Chepkemboi.

"Bila waya. Ilipita hewani tu. Wengi walikataa kuamini. Leo redio ya Johana inaongea jikoni kwako na wewe unasonga ugali wako wa kimyet, hata hushangai."

"Aiii!" Chepkemboi akasema. Alikuwa anaijua redio hiyo kwa kelele zake na kwa betri zake. Hakujua kwamba ilikuwa na ukoo.

"Sasa sikia. Mwaka wa 1911, tarehe hiyo hiyo, mfalme wa Waingereza aliketi Delhi, huko India, na taji kichwani. Watawala wa India wakapita mbele yake mmoja mmoja, wakainama. Ungedhani utawala huo hautaisha. Na mwaka wa 1963, tarehe hiyo hiyo, sisi hapa tukaamka bendera yao imeshuka na yetu iko juu."

Mama mmoja akasema polepole, "Siku moja imebeba hayo yote?"

"Na bado. Hata hapo 1963 malkia wa Uingereza alibaki kuwa mkuu wa dola yetu. Mwaka uliofuata, 1964, tarehe hiyo hiyo, tukawa jamhuri, na mkuu wa dola akawa rais wetu wenyewe. Ndiyo maana sasa sikukuu hiyo inaitwa Jamhuri. Ukisema tarehe bila mwaka, umenionyesha njia, lakini hujaniambia ni nani aliyepita."

Chepkemboi alimtazama Bilhah, akatazama ule mstari ubaoni. Kichwa chake kilijaa tiara, mfalme na bendera. Kumbe siku hazipotei, akawaza. Zinarudi, na kila moja ina mzigo wake. Na Chelangat wake alikuwa humo ndani mahali fulani. Ila wapi?

"Sasa mimi nitajuaje mwaka?" akauliza.

"Nani alikuzalisha?"

"Kogo. Mama wa Johana."

"Basi twende kwake. Lakini tusimwulize mwaka. Mtu mzima akiulizwa mwaka, anaona kama anajaribiwa. Tutamwuliza mambo aliyoyaona."

Wakamkuta kogo nje akisugua kibuyu cha maziwa. Kogo ni nyanya, na huyu alikuwa nyanya mwenye ulimi mkali. Johana alikuwa karibu akifunga ng'ombe.

"Chamgei, Kogo," Bilhah akasalimu. "Ni nani alimpa Chelangat jina?"

"Ni mimi. Mtoto akizaliwa jua likizama, utamwita nani kama si Chelangat? Mtamwita Asubuhi huko kwenu?"

Bilhah akacheka. "Hapana, Kogo. Kwa hiyo ilikuwa jioni. Nani mwingine alikuwako?"

"Wanawake wawili. Wanaume hakuna hata mmoja. Nilitafuta mtu wa kuleta kuni, sikuona. Hata huyu." Akamwonyesha Johana kwa kidevu. "Mke analia ndani, yeye amevaa koti, ameenda na wenzake kwa chifu."

"Kufanya nini kwa chifu?"

"Kungoja pendera! Walisema pendera itapanda usiku. Wakaenda na ngoma, jua likiwa bado juu."

"Bendera, Kogo," akasema Chelangat kutoka mlangoni.

"Ndiyo hiyo nimesema. Pendera."

Bilhah akamgeukia Johana. "Na wewe, Baba Chelangat, uliambiwa lini kwamba una mtoto?"

Johana akajikuna shingo. "Asubuhi. Nilirudi nikiimba. Mama akanitoa mlangoni, akasema nyamaza, utaamsha binti yako."

"Na sauti haikuwako," kogo akaongeza. "Alikuwa kama jogoo aliyenyeshewa."

Sasa hata Chepkemboi alicheka. Ilimrudia yote. Alikumbuka ngoma zikienda mbali, na yeye akiwa ameshika nguzo ya nyumba. Alikumbuka akimlaani Johana na bendera yake.

"Basi tumefika," akasema Bilhah. "Bendera ilingojwa usiku mwaka wa 1963, usiku wa kuamkia Uhuru. Mwaka ni huo. Johana, kwa mwaka umeshinda."

"Nilisema!" Johana akaruka.

"Kaa chini, kwa siku umeshindwa. Ofisini siku haianzi jua likizama, wala haianzi jua likichomoza. Inageuka saa sita ya usiku. Bendera ilipanda saa hiyo. Chelangat alikuwa ameshazaliwa, amenyonya, amelala. Kwa hiyo ni tarehe kumi na moja Desemba, 1963."

"Kwa hiyo sote tulikosea," akasema Chepkemboi.

"Kila mtu alishika kipande. Wewe sikukuu, yeye mwaka, Kogo saa."

Chelangat alikunja uso. "Kwa hiyo mimi si wa siku kubwa?"

"Wewe ulitangulia," Bilhah akasema. "Ulizaliwa chini ya bendera ya Mwingereza, ukaamka Mkenya huru. Si wengi waliofanya hivyo kwa usingizi mmoja."

Ijumaa wakarudi shuleni, na kogo mbele amevaa shuka lake la kanisani. Mwalimu Kipsang alimwuliza, naye akasimulia vile vile: jua, kuni, ngoma na pendera. Mwalimu akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali kabla hajamaliza.

"Mimi pia nilikuwa hapo kwa chifu usiku huo," akasema. "Na kuna mtu mmoja mfupi aliimba mpaka sauti ikakatika."

Johana akatazama viatu vyake.

Mwalimu akamwinamia mtoto. "Mwambie mwalimu wako. Umezaliwa lini?"

Chelangat akasimama wima. Mkono hakuupeleka kichwani tena.

"Tarehe kumi na moja, mwezi wa Desemba, mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tatu."

"Ingia darasani," akasema Mwalimu Kipsang.

Mvua kubwa zilipofika, Chepkemboi alijifungua mtoto wa kike. Safari hii Johana alikuwako. Alileta kuni, akachota maji, akasumbua kila mtu. Bilhah alikuwa amewaeleza kwamba mtoto akizaliwa anaandikishwa mapema kwa naibu wa chifu, ili apate cheti. Mwenye cheti hapimwi kwa sikio. Johana hakungoja mvua ikatike. Alivaa lile koti lake, akaenda akitaja siku, mwezi na mwaka njia nzima kama mtu anayeogopa kumwaga maziwa.

Habari hiyo ilitembea. Siku moja wanawake walikuwa kwenye kituo cha kununulia chai wakingoja mizani. Waliongea juu ya watoto, na shule, na Chelangat ambaye sasa alikuwa akiwasomea watu majina yaliyoandikwa kwenye magunia. Nyamoita, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, akasema, "Mimi sina wasiwasi. Wangu alizaliwa Ijumaa ya Pasaka. Siwezi kusahau."

"Pasaka ya mwaka gani?" akauliza Chepkemboi.

"Si ile Pasaka ya mvua?"

"Ya mvua ya mwaka gani?" wanawake wote wakauliza kwa sauti moja.

Nyamoita akaacha kutazama mizani. Hakucheka. Akatua kikapu chake miguuni pa Chepkemboi.

"Nipimie hii chai, dada," akasema. "Mama mkwe wangu ni mgonjwa, na ni yeye peke yake aliyekuwako. Acha nikamwulize leo."

Akashika njia ya kijitoni, akienda haraka, na kikapu chake kikasogezwa mbele kwenye foleni.