Nyayo za Pamba Kwenye Gauni Jeupe

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku aliingia katika chumba cha kushonea cha mama yake. Alifagia vipande vya kitambaa, akaokota pini kwa sumaku, kisha akafuta vumbi kwenye cherehani. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Chumba hicho kilikuwa na sheria moja tu: paka haingii. Paka mwenyewe, Pamba, alikuwa mweupe toka masikio hadi mkia, na alipenda kulalia kitambaa kipya kuliko alivyopenda samaki.

Siku hiyo mama alikuwa anatoka kwenda kununua vifungo. "Mwanangu, gauni hilo mezani ni la dada muuguzi," alisema. "Kesho anahitimu, na jioni hii anakuja kulichukua. Mlango usiuache wazi."

"Sawa, mama."

Lakini nje wenzake walikuwa wakiruka kamba, wakamwita. Chiriku alitoka mara moja tu, na hiyo mara moja ikawa mchezo mzima. Aliporudi, alimkuta Pamba amejikunja juu ya gauni, anakoroma. Manyoya ya mgongoni na miguuni yalikuwa meusi kwa grisi, maana alikuwa ametokea chini ya lori la jirani. Kwenye gauni, kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, nyayo zake zilionekana waziwazi kama mihuri.

"Pamba! Umeniua!"

Alimfungia paka bafuni, akachota maji ya moto, akashika kipande cha sabuni na kuanza kusugua. Alisugua kwa nguvu zake zote. Nyayo hazikutoka, zilitanuka tu na kuwa mawingu ya kijivu. Jasho likamtoka. Mwishowe alilipepea gauni mpaka likakauka, akalikunja, upande wenye madoa ukawa ndani, akaliweka chini ya nguo nyingine. Moyoni alijiambia kwamba atasema upepo ndio ulioliangusha.

Mama alirudi, akashona vifungo vya blauzi moja, akawasha pasi. "Nipe hilo gauni la muuguzi nilinyooshe," alisema. Chiriku alimpa bila kumtazama. Mama alilitandika juu ya meza, upande safi ukiwa juu, akajaribu joto la pasi kwa tone la maji. Tone likalia "chsss!"

Chiriku, msichana aliyesifika kwa maneno, sasa alijifanya anaokota pini sakafuni. Mama akainua pasi.

"Mama, usipige pasi!" Maneno yalimtoka kwa kishindo. "Lina madoa kwa ndani. Niliacha mlango wazi. Pamba aliingia na grisi. Nikasugua, likazidi kuharibika, nikalificha."

Mama aliweka pasi pembeni, akaifunua ile mikunjo. Kisha akashusha pumzi.

"Ungenyamaza kidogo tu, moto wa pasi ungelipika doa hilo ndani ya nyuzi. Hapo lisingetoka tena," alisema. "Nimekasirika, nisikufiche. Lakini kulia hakufui nguo. Paka yuko wapi?"

"Bafuni. Nilitaka kumfuta kwa mafuta ya taa."

"Thubutu! Paka hujilamba. Ukimpaka mafuta ya taa, atayala yote. Tuanze naye huyo, kabla hajaimeza hiyo grisi."

Walimfunga Pamba kwenye taulo kuukuu, kichwa kikabaki nje, wakawa wanafunua palipo na grisi tu. Chiriku alipaka mafuta kidogo ya kupikia kwenye manyoya, akayapangusa kwa kitambaa hadi grisi ikalegea. Kisha akamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, akamsuuza mpaka maji yakatoka safi. Pamba alipiga kelele kama anachinjwa, akamkwaruza Chiriku mkononi. Chiriku hakumwachia.

Kisha wakaligeukia gauni. Mama alimwonyesha mwanzo tu, kazi akamwachia yeye. Kwanza walijaribu sabuni ile ya vyombo ndani ya pindo, mahali pasipoonekana, ili wajue kama kitambaa kitaistahimili. Halafu Chiriku alinyunyiza poda inyonye mafuta, akaipangusa, akatia sabuni, akaweka kitambaa safi chini ya doa na kuligonga taratibu kwa upande wa nyuma.

"Usisugue," mama alimkumbusha. "Ukisugua unalisukuma ndani. Gonga, suuza, tazama, rudia."

Alirudia. Vidole vilikunjamana kwa maji, mgongo ukamuuma, na wingu moja kiunoni likagoma kabisa. Chiriku alijikaza kisabuni, akatia poda nyingine, akagonga tena. Jua lilipoanza kushuka, alilinyanyua gauni dirishani, akalitazama kwa makini. Lilikuwa jeupe pe! Wakalikausha kivulini, na hapo ndipo mama alipoipitisha pasi.

Dada muuguzi alibisha hodi. Mama alimtazama binti yake. Chiriku akalichukua gauni, akaenda kumfungulia.

"Shikamoo, dada. Gauni lako lilichafuliwa na paka wetu kwa sababu ya uzembe wangu. Nimelifua. Tafadhali likague."

"Marahaba." Muuguzi alilipeleka kwenye mwanga, akaligeuza nje ndani, akatabasamu. "Ungenyamaza nisingejua. Lakini sasa najua nyumba hii nikileta nguo, nitaambiwa ukweli. Pole kwa mkwaruzo huo. Uoshe kwa maji na sabuni sasa hivi."

Alipoondoka, mama alimketisha Chiriku karibu naye.

"Kila mtu huchafua kitu, mwanangu, hata mimi," alisema. "Doa la leo ulilitoa kwa subira na kwa mikono yako, na nimejivunia. Lakini kazi yote hiyo isingefaa kitu kama usingesema mapema. Kosa likifichwa hukomaa. Likisemwa, tunapata nafasi ya kulirekebisha. Siku nyingine usingoje mpaka niinue pasi."

"Sitangoja, mama," alisema Chiriku, akaenda kuosha mkono wake.