Msuko wa Utosini

Haya yalimkuta msusi wa mtaa wetu, mwanamke mcha Mungu asiyejua kutia chumvi. Ukimwona leo akisuka, utadhani hakuna lililowahi kumpata. Lakini itazame mikono yake ikifika utosini. Pale husita.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Saluni yake ni chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, benchi la mbao na viti viwili vya plastiki. Alikuwa amekwishafagia nywele za jana na kuchemsha maji. Mama Mitumba, muuza nguo wa kibanda cha pili, alikuwa keshajikalia kwenye benchi akitafuna karanga na kusubiri zamu yake. Ndipo mdogo wake msusi akaingia.

Hakuwa amezigusa nywele zake tangu wamzike mwanawe, kichanga ambacho hakikuwahi hata kutambaa. Kililala kimeshiba, hakikuamka. Msusi ndiye aliyekuwa akikipaka mafuta jioni, akiuzunguka utosi wake kwa kidole kimoja, taratibu, pale palipokuwa laini, pakidunda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa nikufyeke huo msitu."

Akakaa. Akainuka. Akachungulia dirishani, akakaa tena. Magoti yakawa yanamchezacheza.

"Wee, umekalia siafu?" Mama Mitumba akamuuliza.

"Nimefungua chakra."

"Umefungua nini?"

Akaeleza. Kuna mwalimu anayemsikiliza kwenye simu. Anafundisha kuwa mwili una milango saba ya nguvu, kuanzia chini ya uti wa mgongo hadi utosini. Unakaa kimya, unavuta pumzi, unaifungua mmoja baada ya mwingine. Huo wa juu ukifunguka, waliotangulia wanakufikia.

"Mbona mimi nilisikia zinafungwa?" akasema Mama Mitumba. "Shoga yangu akienda sokoni anazifunga zote, asije akabeba mikosi ya watu. Sasa akibanwa na haja sijui huwa anafungua ipi!"

Wakacheka, hata mfiwa mwenyewe. Msusi akapiga chanuo kiganjani.

"Mimi sikusoma sana. Ila najua Mungu humwacha mtoto na utosi wazi kwa muda tu, kisha anaufunga. Hakuufunga kwa bahati mbaya. Mlango wazi hauchagui mgeni."

"Na ukifungwa, dada, nani anabaki nje? Si mwanangu?"

Kicheko kikakatika. Mama Mitumba akakumbuka kwamba ameacha kibanda bila mtu, akaaga. Ganda la karanga likabaki likizungukazunguka sakafuni, na upepo haukuwepo.

Msusi akaanza kugawa nywele kutoka kisogoni, akipanda juu. Alikuwa akisali kimoyomoyo, kama afanyavyo kila akishika kichwa cha mtu. Alipofika utosini, kidole kikazama.

Kilizama kidogo tu. Kama kinavyozama kwa mtoto mchanga.

Akatulia. Chini ya kidole palikuwa panadunda, haraka haraka, kwa wepesi. Akaushika mshipa wa shingoni mwa mdogo wake kwa mkono wa pili. Shingoni mapigo yalikuwa ya mtu mzima. Ya utosini yalikuwa mengine.

"Umemsikia?" mdogo wake akanong'ona. "Ni yeye, dada."

Machozi yalikuwa yamekwishamjaa msusi machoni. Mapigo yale aliyajua. Kabla hajajizuia, kidole chake kikaanza kuzunguka, taratibu, kama zile jioni za mafuta. Mapigo yakatulia, kama ya mtoto anayesinzia.

Hapo ndipo alipolihisi lile jingine.

Lilikuwa chini zaidi. Pigo moja. Kimya. Kimya kirefu mno. Kisha pigo jingine, zito, likakisukuma kidole chake juu.

Mapigo ya mtoto yakakimbia.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, "humo mtoto hayuko peke yake."

Alitarajia atabishiwa. Magoti ya mdogo wake yakaacha kucheza.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofungua. Mtoto alipoingia, huyo alikuwa nyuma yake. Ndiye asiyenipa usingizi. Nikifumba macho tu, anasogea."

"Na hukumwambia mtu?"

"Mngeniambia nifunge."

Msusi akazunguka, akapiga magoti mbele ya kiti. Uso wa mdogo wake ulikuwa umechongoka, midomo imekauka. Akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa ya baridi kama maji ya mtungi.

"Mtoto yuko kwa Mungu. Kwa Mungu hakuna mlango wa kuchungulia. Nimeshamzika mmoja, mdogo wangu. Usinipe wa pili."

Mdogo wake akalia bila sauti. Mwisho akainamisha kichwa.

"Funga. Lakini mwache atoke kwanza. Usimfungie na huyo."

Msusi akaweka kiganja utosini, akasali. Alisali kwa maneno aliyofundishwa na mama yao, bila kuruka hata moja. Mtoto alidunda. Yule mwingine alidunda. Mtoto akadunda kwa kasi.

Kisha yote yakakoma.

Akasubiri. Hakuna. Hakujua kama wametoka au wametulia. Akasuka. Hakuwahi kusuka kwa kukaza vile maishani mwake. Akaanzia pale pale katikati, msuko mmoja mnene, akaufunga nchani kwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo. Alipoibonyeza ngozi, ilikuwa ngumu kama ya mtu yeyote.

Mdogo wake alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma.

Alipona. Akaanza tena kula, akarudi kazini. Ile sauti ya mwalimu akaifuta kwenye simu. Aliporudi saluni kufumuliwa, alikuwa amenenepa, na Mama Mitumba akamtania kwamba sasa kibanda kizima hakina nguo ya saizi yake. Jua la mchana lilikuwa limejaa chumba kizima.

Msusi akafumua misuko ya pembeni. Ilikuwa imechakaa nchani, kama misuko yote. Ndivyo ilivyo, msuko hufumuka kuanzia nchani.

Akafika katikati.

Uzi mweusi ulikuwa bado umefungwa nchani, mafundo yake yote yakiwa mahali pake. Lakini msuko ulikuwa umefumuka kutoka chini. Kutoka kwenye ngozi. Nywele zilikuwa zimeachanishwa vizuri, moja moja, hadi karibu na nusu ya msuko.

"Dada, mbona umenyamaza?"

"Natafuta chanuo."

Lilikuwa mkononi mwake.