Kitufe cha Kukiri

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Ulipokwenda kumtazama dada yako wodi ya wazazi, ulimpita binti mwenye gauni jeupe jipya, peke yake kati ya vitanda sitini, ukainua macho kuitazama mashine. Nyote mliitazama mashine.

Na kweli mashine ile, Mkesha, ilipendeza. Ilining'inia kwenye reli ya dari, mikono minane, ikiteleza bila kelele, ikichoma sindano na kubadilisha dripu. Kila mzazi alivishwa bangili-pima iliyorusha mapigo ya moyo, presha na joto lake hadi kule juu. Taa ya kitanda ikiwa kijani, basi yuko salama. Kufikia mwaka huu wa 2071, Tabora nzima ilikuwa imeisifia kwa miaka sita. Wauguzi watano wa kila zamu walipunguzwa tangu ilipofungwa, akabaki mmoja.

Sheria, hata hivyo, ilitaka binadamu athibitishe. Nyamizi, yule binti wa gauni jeupe, muuguzi mwenye miezi mitatu tu tangu amalize chuo, alikuta utaratibu umeshazoeleka: unaingia saa moja asubuhi, unaweka dole gumba kwenye kioo, na vitanda vyote vinahesabika umevikagua. Mkesha ilitoa dakika nne. Siku ya kwanza aliuliza atawakaguaje watu sitini kwa dakika nne. Sista Mwasiti, aliyekuwa akimkabidhi zamu, alicheka.

"Mdogo wangu, ukitaka kumshika kila mmoja mkono, watazaa tena hujamaliza."

Nyamizi akaweka dole. Wote waliweka.

Jumanne moja, saa tatu, akafika kitanda cha ishirini na mbili. Taa ilikuwa kijani. Lakini Mboni, aliyejifungua alfajiri, alikuwa amepauka midomo, na mguu wake ulikuwa wa baridi. Akafunua shuka. Damu tupu. Kando yake alikaa mama mkwe, bangili ya Mboni ikiwa mkononi mwake.

"Ilikuwa inambana, mwanangu," bibi alisema. "Mkono umevimba. Nikaivaa mimi isije ikapotea."

Kumbe tangu alfajiri Mkesha ilikuwa ikiupima moyo wa bibi mzima wa afya.

Nyamizi akaita daktari, akaagiza damu. Maagizo yote hupitia kwa Mkesha, nayo ikajibu kwa upole.

"Mgonjwa yuko salama. Muuguzi amethibitisha."

Njia ilibaki moja, kitufe cha kukiri. Ukikibonyeza, unakubali kwamba ulithibitisha uongo. Mashine inatii, na jina lako linakwenda baraza la leseni. Kwa muuguzi aliye katika mwaka wa matazamio, hapo miaka minne ya chuo imekwisha. Mkono mmoja ukikandamiza tumbo la Mboni, alikibonyeza kwa mwingine.

Damu ikaja. Mboni yu hai, na mtoto ananyonya.

Taarifa ya hospitali iliandika: uzembe wa muuguzi mmoja. Waliandika hivyo hivyo juu ya Kabula mwaka 2066, na juu ya Siwema mwaka 2068, wote wakiwa hawajatimiza mwaka kazini. Siwema sasa anashona mapazia. Nani aliwaondoa wale wanne wa kila zamu, hilo halikuandikwa popote.

Bibi ameapa atakwenda barazani kusema kwamba bangili aliivaa yeye. Akienda peke yake, ataambiwa asubiri nje mpaka kesi iishe.

Baraza linakaa Jumatatu, saa nne, na sheria inamruhusu mwananchi kuingia. Kuna viti arobaini vya watazamaji, na havijawahi kukaliwa. Njoo ukalie kimoja. Simama uulize wale wanne wako wapi, na usitoke mpaka ujibiwe.