Kitanda cha Dirishani

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipoingia mtaa wa wanachuo, begi tupu begani, kuja kumchukua mdogo wake. Mitihani ilikwisha zamani. Wenzake wote walikwisha kurudi makwao. Yeye simu hapokei, na siku aliyopokea, dada mtu alisikia sauti iliyokauka ikisoma, ikisoma tu, hadi salio likaisha. Mama yao hakuwa na maneno mengi. "Kamlete. Hata kwa kumburuta."

Sifa za mtaa huo alikuwa akizisikia tangu utotoni. Nyumba zilizoegemeana kama walevi, ngazi za mbao, madirisha yanayotazamana karibu kiasi cha kupeana kiberiti. Karibu kila mwenye cheo jijini alipata kulala humo, wawili chumba kimoja, na kila mmoja akizeeka hudai kwamba hajaipata tena furaha ya namna ile. Huenda ni kweli. Huenda ni ujana tu walioupenda, wakadhani ni nyumba.

Alisimama kwenye duka la fotokopi, chini ya nyumba yenyewe.

"Wewe ni dada yake Profesa," mwenye duka alisema kabla hajaulizwa, akapunguza sauti ya redio. "Mnafanana masikio. Yuko juu. Anasoma."

"Anasoma nini tena, na mitihani imekwisha?"

"Anamsomea mwenzake." Akaona hajaeleweka. "Zamani vitabu vilikuwa vya kugombania, dada yangu. Kitabu kimoja, taa moja, watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine kajilaza anasikiliza. Kila aya ikiisha, msikilizaji anasema 'endelea', ili msomaji ajue hajasinzia. Usiposikia 'endelea', unafunga kitabu, mnalala. Kusomeana, ndivyo walivyokuita. Jioni mtaa mzima ulikuwa unavuma kama mzinga. Watu walikuja kusimama tu hapa chini, wasikilize."

"Lakini mwenzake alihama. Alitupigia simu mwenyewe."

Mwenye duka akageukia mashine yake, akapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Palikuwa na mgonjwa chumba kile, enzi hizo. Aliomba asomewe. Aliyekuwa akimsomea hakuwa mtu mbaya, alichoka tu. Akafunga kitabu, akaenda kulala, na mgonjwa bado anasema endelea. Asubuhi wakamkuta hapumui." Akapandisha tena sauti ya redio. "Ndivyo wanavyosimulia. Mimi nimepanga duka tu."

Ngazi zilinuka mafuta ya taa, ingawa taa zote zilikuwa za umeme. Mlango wa juu ulikuwa umeegeshwa. Akaingia, akauegesha tena nyuma yake.

Mdogo wake alikuwa ameketi sakafuni, kitabu magotini, midomo imepasuka. Shati alilomshonea yeye mwenyewe lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Alisoma habari za udongo. Udongo wa mfinyanzi hushika maji kuliko wa kichanga. Macho yakamwona dada yake, yakajaa machozi.

Mdomo haukuacha.

"Profesa. Funga hicho kitabu, twende nyumbani."

Akatikisa kichwa. Akafika mwisho wa aya.

"Endelea."

Sauti ilitoka kitanda cha dirishani. Ya upole, yenye adabu, sauti ya mtu aliyejifunika vizuri. Kitandani hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa limebonyea katikati...

Alitaka kukimbia. Badala yake aliinama, begi likamdondoka begani, akafunika ukurasa kwa kiganja.

Mdogo wake akanyamaza. Kifua chake nacho kikanyamaza. Alifungua mdomo, hewa haikuingia. Uso ukawa kama majivu. Vidole vilimkwaruza dada yake mkononi, si kwa ugomvi, bali kwa kuyatafuta maandishi.

"Endelea," kitanda kikasema.

Akakinyakua kitabu. Hakujua afanye nini kingine. Akasoma, kwa kigugumizi, kidole juu ya mstari. "Maji yakizidi... mizizi hukosa hewa..."

Mdogo wake akavuta pumzi ndefu, kama aliyeibuka kisimani. Akalaza kichwa kwenye begi tupu, akalala papo hapo. Alikoroma. Dada mtu aliusikia ule mkoromo, moyo ukamtua. Sasa nimalizie aya, aliwaza, halafu nimbebe hata mgongoni.

Akafika nukta. Akafumba mdomo.

Hewa ikakatika.

Haikuuma. Kifua kilikuwa kimesahau kazi yake, basi.

"Endelea."

Akaendelea. Alimsukuma mdogo wake kwa mguu, akamsukuma tena, kwa nguvu. Hakuamka. Alilala usingizi wa mtu aliyedhulumiwa usingizi siku nyingi. Kurasa zilipokaribia kwisha, dada mtu alipata tumaini. Akausoma wa mwisho. Vidole vyake, bila kutumwa, vikarudi kufunua wa kwanza.

Chini barabarani nyayo zilisimama. Sauti za wasichana wawili.

"We, sikia. Huku bado wanasomeana."

"Kumbe babu hakunidanganya. Mtaa una raha yake huu."

"Tupande tuulize nafasi. Hata kitanda kimoja, tutabanana."

"Na unavyokoroma, nani abanane na wewe?"

Wakacheka.

Alitaka kuwapigia kelele. Alianza, "Msi..." na kifua kikafunga. Akarudi mbio kwenye mstari, kwenye udongo, kwenye maji. Akapaza sauti, pengine wangeogopa ukali wake. Aliisikia mwenyewe ilivyotoka: tulivu, tamu, sauti ya kumvuta mtu ndani.

Ngazi zikalia. Moja. Nyingine. Vicheko vikakoma mlangoni, kwa heshima, wasimkatize msomaji.

"Hodi?"

Alitikisa kichwa, akatikisa, akautikisia mlango ulioegeshwa usiomwona. Na bado alikuwa akisoma.

"Karibuni," kitanda kikasema. "Sukumeni tu."